Neno la Kumi na Mbili

Tangu Jumatatu Caren hakuwa amekalia kiti hadi kikapata joto. Kaka yake Frankline alikuwa amepiga simu kutoka Doha kwa simu ya kuazima. Yake imeibwa, mkataba wa kazi umekwisha, na zikipita siku kumi atatakiwa kuondoka katika nchi ya watu. Akiba yake yote ya miaka mitano aliiweka katika dola za mtandaoni, na njia pekee ya kuifikia sasa ilikuwa maneno kumi na mawili ya Kiingereza aliyomwandikia mama yao kwenye karatasi siku aliyosafiri. Caren amsomee hayo maneno, naye Frankline anunue tiketi, arudi nyumbani.

Caren hakusikia vizuri kilichosemwa baada ya hapo. Miaka mitano alikuwa amefungwa Usenge, kando ya ziwa, kama mbuzi wa kafara, akianika omena, dagaa wa watu, na kumtunza mama yao, Awuor, ambaye magoti yalimkatalia. Bridget, rafiki yake wa shule, alikuwa na duka la samaki Kampala na kila Krismasi alimwita wakafanye biashara pamoja. Makubaliano ya kaka na dada yalikuwa mepesi: Frankline akirudi, ni zamu ya Caren kuondoka.

Akaenda kumwuliza Mama karatasi iko wapi. Awuor akamjibu bila wasiwasi wowote kwamba hana. Panya wa nyumba hii wanakula hata sabuni, nani mwenye akili ataweka karatasi humu? Aliikata kwa wembe vipande kumi na viwili, akawagawia wanawake kumi na wawili wa kikundi chao cha maombi, kila mmoja neno lake na namba yake, alibebe mbele za Mungu mpaka mtoto arudi.

"Hakuna aliyejua ni ya nini," alisema, akijisifu waziwazi. "Na hakuna hata mmoja angeweza kuiba."

Siri ya watu wawili si siri, walisema wahenga, lakini wahenga hawakumjua Awuor.

Caren akachukua daftari na kuanza kuhangaika. Wanane aliwapata hapohapo Usenge kwa siku moja. Mmoja alikuwa amempa ndama wake jina la Velvet ili neno lisimpotee, na alimtaka Caren amsalimie kwanza huyo ndama. Wa tisa na wa kumi walikuwa wamehamia mtaa wa Obunga, Kisumu, wakiuza mandazi. Wa kumi na moja aliolewa tena huko Katito, akakataa kufungua Biblia yake kabla hawajaomba, na maombi yale yalikuwa marefu. Caren alifumbua macho mara tatu kutazama saa. Kila neno alilinakili daftarini, kipande akakiacha kwa mwenyewe.

La mwisho lilikuwa Uganda. Aliyelibeba, Nabututu, alirudi kwao Majanji samaki walipoadimika upande huu, basi Ijumaa Caren akavuka kwa boti kutoka Sio Port, daftari limefungwa ndani ya mfuko wa nailoni. Alimkuta anapara samaki mbele ya nyumba. Mama yule alinawa mikono, akafungua fundo la leso, akatoa kipande kilichochakaa na kumkabidhi chenyewe.

"Chukua tu, mwanangu. Mimi niliambiwa niombe mpaka arudi, na sasa harudi."

Caren akamwuliza ana maana gani.

"Si wanaenda Poland na mwanangu Wesonga, wanayefanya kazi naye Doha? Dalali anangoja pesa ya Frankline tu." Nabututu alimtazama usoni, akashusha sauti. "Kumbe hamkuambiwa."

Caren alienda kusimama ufukweni. Aliumia, na hasira ikaja juu ya maumivu. Alipata mtandao, akapakua programu ya hizo dola kwenye simu yake, akaingiza maneno yote kumi na mawili kwa kufuata namba zake. Akiba ya kaka yake ikajitokeza kwenye kioo. Ilitosha duka zima Kampala, na ukweli usemwe, aliitamani. Kutoka pale alipokuwa hakuhitaji hata kurudi kubeba nguo. Alisimama na tamaa hiyo hadi boti ya mwisho ilipoanza kuita abiria, akapanda.

Jumamosi, Kisumu, alibadilisha dola chache kuwa shilingi, akalipia tiketi moja. Kisha akaifuta ile programu, akachana ukurasa wa daftari wenye maneno, na kuipigia ile simu ya kuazima.

"Tiketi yako iko tayari. Doha, Nairobi, Kisumu, Jumatano."

 Frankline akasema taratibu, "Caren, wacha mchezo. Hizo pesa ni zangu."

"Ni zako. Njoo uzichukue."

Alitukana, akabembeleza, akasema Poland ni mwaka mmoja tu. Caren alimwambia hata Doha aliahidi miaka miwili tu, akakata. Siku nne zilizofuata hakulala vizuri. Mama alimwuliza kila asubuhi kama mtoto anakuja, na kila asubuhi alijibu anakuja, bila kujua.

Jumatano alikuwa nje ya uwanja wa ndege wa Kisumu, begi lake miguuni. Frankline alitoka karibu wa mwisho, amekonda, shati la kampuni bado mwilini. Hakumkumbatia dada yake. Alinyoosha tu kiganja.

Caren akaweka humo kile kipande cha Nabututu.

"Hili ni la kumi na mbili. Kumi na moja yako kwa wenyewe. Wamekuombea miaka mitano, Frankline, nenda ukawasalimie. Kuna na ndama."

Frankline alikisoma, akakigeuza, akakisoma tena. Uso ulimlegea, kwa mara ya kwanza akafanana na yule kijana aliyeondoka. Ndipo alipoliona begi.

"Na wewe unaenda wapi? Nani atampikia Mama leo?"

"Wewe," Caren alisema. "Usitie chumvi nyingi."

Akainua begi, akaenda kutafuta gari la Busia, njia ya Kampala.