Kilichobaki cha Kelele za Jirani

Daktari hakuuma maneno. Alisema uvimbe umeshika pabaya, na wakiukata itabidi waondoe na zoloto, kile kisanduku cha sauti chenyewe. Jumatatu asubuhi mgonjwa ataingia chumba cha upasuaji na sauti yake, hata kama imebaki ya kukwaruza, na akitoka hatakuwa nayo. Kula atajifunza upya. Kuimba ndiyo basi tena.

Mgonjwa aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa basi limechelewa kidogo. Aliyeng'ang'ania mgongo wa kiti ni mdogo wake wa kike, aliyekuwa amesimama nyuma yake.

Mdogo mtu huyo walimwita Bomba kwa sababu ya tromboni aliyokuwa akipuliza. Mchana alipiga pasi mashuka ya hoteli katika kiwanda cha kufulia nguo, amesimama kwenye mvuke mpaka nywele zinamlowa. Kaka yake aliitwa Parapanda, na jina hilo hakulipata kwa bahati: akiulizia sabuni bafuni, mtaa mzima ulijua kwamba sabuni imekwisha. Miaka mingi ndugu hao walikuwa na bendi yao, Kelele za Jirani. Walianza na ska ya kipanki, gitaa likikatakata kama mtu anayekata vitunguu kwa hasira, ngoma zikikimbia kama zinafukuzwa, na matarumbeta yakicheka juu ya vurugu zote hizo. Lakini Parapanda hakujua kutulia. Albamu ya kwanza ilikuwa mbio tupu. Kwenye ya pili akaingiza rege na rumba. Ya tatu akaichanganya na kwaya, mashairi ya kufoka na violini la kuazima, mpaka wapenzi wa panki wakasema bendi imelainika na wapenzi wa rumba wakasema imerukwa na akili. Baada ya hapo bendi ikavunjika.

Jioni ile, jikoni kwa Parapanda, mke wake alikuwa ameketi mbali na meza kwa sababu tumbo halikumruhusu kusogea karibu. Alisubiri mumewe aende kulala, ndipo akamshika Bomba mkono.

"Wifi, mtoto huyu atamjua baba yake kwa kuandikiwa vikaratasi? Nitafutie zile nyimbo. Wewe ndiye ulikuwa bendini."

"Usijali, wifi. Zipo."

Alisema hivyo kwa kujiamini kabisa. Nani angefikiri kwamba albamu tatu nzima zinaweza kupotea? Lakini tovuti walikoziweka ilikuwa imeshafungwa, ukurasa wenyewe mweupe kama shuka. Kompyuta ya bendi iliibwa zamani. Aliwapigia simu watu waliokuwa wakiruka na kupiga mayowe mbele ya jukwaa, na kila mmoja alikumbuka nyimbo, akaziimba hata kwenye simu, ila hakuna aliyekuwa nazo. Kwenye sanduku chini ya kitanda chake alipata sidii moja tu ya albamu ya kwanza, imekwaruzika vibaya. Akaisugua kwa dawa ya meno, akaifuta kwa pamba, akaiweka kwenye redio. Tarumbeta zikalia, moyo ukamruka. Kisha kaka yake akafungua kinywa: "Nika—nika—nika—nika—" Akaitoa, akaisugua tena, akaipulizia. "Nika—nika—nika—" Akazima redio kabla hajaipiga ngumi.

Alikuwa amebaki mtu mmoja, Nyundo, mpiga ngoma. Yeye ndiye aliyekuwa na diski ya kila walichowahi kurekodi. Lakini Nyundo aliondoka kwa hasira. Albamu ya tatu ilipokuwa inamaliziwa, Parapanda alifuta ngoma zake zote bila kumwambia, akaweka za mashine, na mwenzake akagundua siku ya uzinduzi, mbele za watu. Tangu siku ile hawakusalimiana.

Bomba alimkuta Jumamosi katika duka la vioo alikokuwa akifanya kazi, ameinama juu ya kioo kipana, anakipitishia kisu cha kukatia. Kiliacha mstari mwembamba kama unywele. Nyundo akakigonga kile kioo kwa chini mara moja, kikaachana pande mbili bila hata kulia. Hapo ndipo alipoinua macho.

"Makubwa! Bomba."

Bomba alimweleza yote, amesimama hapohapo katikati ya vipande vya vioo, bila kungoja kukaribishwa. Alipofika kwenye Jumatatu, akaomba ile diski.

Nyundo akavua glavu, kidole kimoja kimoja.

"Diski nilikuwa nayo," alisema.

"Ulikuwa nayo?"

"Niliivunja, dada. Hapa hapa, kwenye meza hii. Siku nilipoisikia ile albamu redioni, mtangazaji anasifu ngoma. Ngoma za mashine! Niliipiga mpaka ikawa unga."

"Unanidanganya. Sema unanidanganya, Nyundo. Nitapiga magoti, nitafanya lolote, nipe tu."

"Ningekuwa nayo ningekupa."

Bomba alimtazama usoni, akaona ni kweli. Akakaa chini kwenye kreti ya mbao. Hakulia. Alihisi kama amesahau jinsi ya kuvuta pumzi, yeye ambaye kazi yake ilikuwa pumzi. Kisha akauliza kwa sauti ya mtu mwingine, "Fimbo zako bado unazo?"

Jumapili asubuhi walikuwa studio, chumba kidogo kinachorekodi matangazo ya rangi za nyumba na dawa za mbu, kuta zimebandikwa magodoro. Fundi mitambo, aliyekuwa akiijua bendi tangu enzi zake, alikubali kuwafungulia. Parapanda aliletwa na mkewe, shingo imefungwa skafu. Alipomwona Nyundo nyuma ya ngoma alisimama mlangoni. Nyundo akakohoa, akasema, "Leo ukinifuta nakukaba mwenyewe, usimngoje daktari." Parapanda akacheka, na kicheko kikageuka kikohozi.

Walichagua wimbo wa albamu ya pili, ule uliokuwa ukiinua watu vitini. Nyundo akahesabu, wakaingia. Parapanda akavuta pumzi kama zamani, akaiendea noti ya juu, na kilichotoka ni mkwaruzo, kama meza inavyoburutwa sakafuni. Akajaribu tena. Mara ya tatu akaweka kitambaa mdomoni, na kitambaa kikarudi na damu.

"Basi," mkewe alisema. "Inatosha."

"Mara moja tu," Bomba akasema. "Kaka, shusha kidogo, anza chini. Mara moja tu, kaka, unaweza."

"Wifi, humwoni?"

"Kesho hakuna! Kesho hakuna sauti, wifi, unaelewa? Hata kama ni mstari mmoja!"

"Nakuuliza kitu." Mkewe aliongea polepole, mkono juu ya tumbo. "Unamtafutia mwanangu, au unajitafutia wewe?"

Tromboni ilikuwa imemlalia Bomba mapajani. Tangu utotoni, kila mlango aliowahi kuingia alitanguliwa na sauti ya kaka yake. Mama yao alipofariki ni sauti hiyohiyo iliyomwambia ale, aoge, aende shule. Atakaa vipi kwenye dunia isiyo nayo? Hilo halikuwa la mtoto. Lilikuwa lake, na wifi yake alikuwa ameliona.

Parapanda aliwanyamazisha wote kwa kiganja. Akavuta kiti mpaka kwenye maiki, akaketi, akamwashiria fundi mitambo awashe.

"Mimi ni baba yako," alisema, karibu kwa kunong'ona. "Kwa kawaida napiga kelele kuliko hivi. Waulize majirani."

Kisha akauimba ule wimbo polepole, chini kabisa, kama anayembembeleza mtoto asiamke. Noti hazikukaa mahali pake hata moja. Alipofika kiitikio sauti ilimzimika, midomo ikaendelea yenyewe, na fundi mitambo hakuzima mashine. Bomba alijiuma mkono ili asisikike kwenye rekodi.

Jumatatu wakamkata. Alipona, kwa maana ya madaktari.

Bomba hakuweza kuisikiliza ile rekodi. Nyundo ndiye aliyekwenda kumtoa kiwandani, akamrudisha studio karibu kwa kumburuta. Alipiga ngoma kwa vifagio laini badala ya fimbo, akiufuata ule mnong'ono kama mtu anayemsindikiza mgonjwa ngazini. Bomba akapuliza sauti ndefu mbili tatu chini yake, basi. Kwa bendi iliyojaza albamu tatu kwa makelele, hicho ndicho kilichobaki, na kilikuwa kifupi kuliko tangazo la rangi.

Walimpelekea wimbo hospitali. Parapanda alikuwa ameegemezwa mito, tundu shingoni na mrija ndani yake. Mkewe akamvalisha visikilizio masikioni. Alisikiliza macho yamefumbwa, na hakuna aliyethubutu kusogea. Ulipokwisha, aliomba kalamu, akaandika, akampa Nyundo.

Nyundo akasoma kwa sauti: "'Ngoma zimechelewa.'" Akakunja uso. "Zimechelewa kwa sababu nilikuwa nakusubiri wewe, mpumbavu mkubwa we!"

Mabega ya Parapanda yakaanza kutikisika. Kinywa kilikuwa wazi, machozi yanamtoka, na hakuna sauti iliyotoka, ila hewa tu, ikipiga mluzi mwembamba kutoka kwenye tundu la shingo. Mkewe akacheka naye. Nyundo akacheka.

Bomba aliusikia ule mluzi, akatoka. Alifika katikati ya ukumbi, akaegemea ukuta kando ya toroli la mashuka, na kilio alichokuwa amekizuia tangu chumba cha daktari kikamtoka chote, kwa kwikwi, bila aibu, mpaka watu wakageuka.

Muuguzi alikuja mbio, akamshika bega. "Pole, dada. Pole sana. Mgonjwa wako amefariki?"

Bomba akatikisa kichwa.

"Hapana," alisema alipoweza. "Anacheka."