Siku Kumi na Moja Bila Sahihi

Barua ya kumwachisha kazi Tumpe niliichapa mimi mwenyewe, Jumatano saa nane mchana, nikaiweka mezani kwa meneja isubiri sahihi yake ya kesho asubuhi. Nilikuwa na miezi minne tangu niajiriwe kuwa afisa rasilimali watu msaidizi katika kiwanda cha kufungasha parachichi, nje kidogo ya Mbalizi. Sikuwahi kuandika barua ya namna hiyo kabla ya siku ile.

Kwenye karatasi kosa lake lilikuwa wazi. Miezi mitatu nyuma kreti za matunda zilianza kupotea, na Bwana Marcelino, meneja wetu, akatoa utaratibu mpya. Kila mfanyakazi apite geti kubwa, asimame mbele ya mlinzi, mkoba ukaguliwe, asaini daftari. Geti la malori lililo nyuma ya kiwanda likawa marufuku kwa waendao kwa miguu. Tumpe alifuata utaratibu huo kwa miezi miwili bila tatizo, kisha ghafla akaacha. Kwa siku kumi na moja daftari halikuwa na sahihi yake. Siku hizo zote alikuwepo mezani akipanga parachichi kwa madaraja, na hapakuwa na mikono myepesi kuliko yake. Alikuwa akiingia kwa geti la malori, amejibanza ubavuni mwa magari ya mzigo. Alipewa onyo la maandishi, hakusema kitu. Akapewa la pili, hakusema kitu. Ndipo tukamwita kwenye kikao cha nidhamu.

Tulikuwa wanne chumbani. Bwana Marcelino aliongoza, mimi niliandika muhtasari, na Tumpe alikuja na Ezron, fundi wa mashine za kuoshea matunda, maana mfanyakazi ana haki ya kusindikizwa na mwenzake.

"Ulijua geti la malori limekatazwa?" meneja aliuliza.

"Nilijua, bosi."

"Unaiba?"

"Hapana. Mkoba wangu huu hapa, ukagueni hata sasa."

"Basi kwa nini hupiti wanakopita wenzako?"

Tumpe alitazama mikono yake.

"Kuna mtu anakusumbua pale getini?"

Kimya.

"Nani huwa yupo pale asubuhi unapofika?"

Kimya tena. Kulikuwa na baridi kali siku ile, lakini niliona jasho kwenye paji la uso wake.

Ezron akamsogelea. "Dada, sema chochote. Hata kama hakina maana, tutakitafutia maana humu humu."

"Ezron," meneja akasema, "umekuja kumsaidia au kumzamisha?"

"Kumsaidia, bosi. Ila na mimi hajaniambia kitu. Nimekuja kama kiti."

Nikaandika kwenye muhtasari: *mtuhumiwa hakujibu*. Niliyaandika maneno hayo mara tatu.

Mama yangu, kule Kihesa, Iringa, alipika miaka tisa kwenye bweni la shule moja. Jumatatu moja aliambiwa asirudi, basi. Hakuna aliyemuuliza neno, na hakupewa nafasi ya kuuliza. Nilipoingia chuo pale Iringa na kukuta kuna somo la sera za kazi na ajira, nilihisi kama limeandikwa kwa ajili ya Jumatatu ile. Nilijifunza kwamba sera ya kazi ni ahadi ya watu watatu: serikali, mwajiri na mfanyakazi. Mtu asiachishwe kazi bila sababu halali, na asiachishwe bila kusikilizwa. Niliipenda sana sentensi hiyo hata nikaibandika ukutani kwenye chumba changu cha kupanga.

Na sasa nilikuwa nimeitimiza yote. Tumpe alipewa taarifa mapema, alikuja na mwenzake, aliulizwa. Hakuna mkaguzi ambaye angeona pengo kwenye faili lile. Lakini nilikaa pale ofisini na chai yangu ikapoa, kwa sababu nilijua kwamba sikuwa nimesikia kitu.

Barua ilihitaji kielelezo, yaani tarehe za zile siku kumi na moja kutoka kwenye daftari. Saa kumi kasoro nikashuka hadi geti kubwa kuzinakili. Mlinzi wa zamu alikuwa Mzee Ambokile, mtu mrefu mwenye mvi na kofia ya sufu, aliyeletwa na kampuni ya ulinzi kuchukua nafasi ya kijana mmoja aliyehamishwa.

"Ugonile, mzee," nikamwamkia. Salamu hiyo ya Kinyakyusa nilikuwa nimeipata kwa shida.

"Ugonile, binti wa Iringa. Leo umeamkia vizuri. Jana ulikuwa kama unanikemea."

Alinipa daftari na kiti chake. Nikaanza kurudi nyuma ukurasa kwa ukurasa. Sahihi ya mwisho ya Tumpe ilikuwa ya Ijumaa. Jumatatu iliyofuata, vichwa vya kurasa vilikuwa vimeandikwa kwa mwandiko mwingine, mkubwa, wa mtu aliyesoma zamani.

"Mzee, wewe ulianza lini kazi hapa?"

"Hiyo hiyo Jumatatu uliyoishika."

Zamu ilikuwa imeisha na wanawake wa mezani walianza kushuka kuelekea getini. Mara Mzee Ambokile akasimama, akazunguka nyuma ya kibanda chake, akauelekeza uso ukutani. Nikatazama njiani kuona anachokikimbia. Mbali kidogo, kwenye kona ya ghala, Tumpe alikuwa amesimama. Alijifunika kitenge hadi usoni, akageuka, akarudi kwa haraka upande wa malori.

Nilimfuata mzee nyuma ya kibanda. "Mbona unajificha?"

"Sijajificha, nimempisha."

"Nani?"

"Mke wa mwanangu Saulo. Yule aliyepo Makongolosi, kwenye dhahabu." Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeeleza hali ya hewa. "Kwetu sisi mkamwana na baba mkwe hawakutani uso kwa uso. Wengi mjini wameacha, siwalaumu. Sisi tumeishika. Nilipo mimi hapiti, alipo yeye sipiti. Na jina langu halitamki."

"Mmegombana?"

Alinishangaa. "Tugombane kwa lipi? Hiyo ni heshima. Huyo ndiye anayetulisha mimi na mke wangu. Anapika, mke wangu ananiletea. Kila siku nasema, Saulo aliona mbali."

"Mzee, unajua kwamba kesho anaachishwa kazi?"

"Kwa kosa gani?"

"Kwa kutopita hapa. Mbele yako."

Alikaa chini taratibu kwenye kreti tupu. Wanawake walipita, wakajikagulia mikoba wenyewe wakicheka kwamba leo mlinzi amelala.

"Mimi nilidhani ana ruhusa," akasema mwishowe. "Nilipoona hapiti, nikajua ameeleza, wakampangia njia nyingine. Nikasema moyoni, hii kampuni ina akili."

Nilipanda ngazi za ofisi mbili mbili. Bwana Marcelino alikuwa anavaa koti aende nyumbani, na barua yangu ilikuwa palepale mezani, bado haijasainiwa. Nikamweleza yote bila kupumua. Alinisikiliza amesimama, mkono mmoja kwenye koti na mwingine nje.

"Juliana, sheria ya kazi haina kifungu cha wakwe."

"Ina kifungu cha sababu halali, bosi. Na cha kusikilizwa."

"Alisikilizwa. Wewe mwenyewe umeandika hakujibu."

"Tulimuuliza nani yupo getini. Ni jina ambalo hawezi kulitamka hata nyumbani kwake. Tulimuuliza mbele ya wanaume wawili, halafu nikauandika ukimya wake kama jibu. Kosa hilo ni langu."

Akauingiza mkono wa pili kwenye koti. "Na kesho atakuja mwingine aseme mila yake inamzuia kuamka asubuhi."

"Tutamkagua na huyo. Huyu tumeshamkagua, siku zote kumi na moja alikuwa kazini."

Aliketi. Akasema nimpigie afisa kazi wa mkoa, niulize kama kikao kilichofungwa kinaweza kufunguliwa, na niweke spika naye asikie. Afisa kazi alipokea, nikamweleza.

"Barua amekwishapewa?"

"Haijasainiwa hata."

"Sasa unaogopa nini? Utaratibu haukukatazi kusikiliza mara ya pili. Unakukataza kutosikiliza kabisa." Akakohoa kidogo. "Na huyo mama, msimwite tena chumba kimoja na mkwewe. Mtapata kesi nyingine."

Bwana Marcelino alicheka kwa mara ya kwanza wiki ile. Akaichukua barua, akaikunja, akaiweka kwenye droo. "Kesho saa tatu," akasema. "Ila bado nataka kulisikia kutoka kwake."

Alhamisi asubuhi ilikuwa kazi kuwapanga watu wawili wasionane kwenye jengo lenye korido moja. Mzee Ambokile aliandikisha maelezo yake kwanza, akaweka sahihi. Wakati huo Tumpe alisubiri stoo ya maboksi. Ezron alisimama katikati ya korido kama askari wa usalama barabarani.

"Mzee, pita kulia. Usigeuke. Dada, bado. Bado nimesema. Haya, sasa."

Safari hii nilimwomba meneja anipe dakika kumi na Tumpe peke yetu kabla ya kikao. Nilimwambia ninalolijua, ili asilazimike kulisema. Kitenge kikateleza begani na hakukiokota.

"Kwa nini hukuniambia mapema, dada yangu?"

"Ningekuambia, ungefanyaje? Mngemwondoa." Hakusema nani. "Amekaa nyumbani mwaka mzima bila kazi. Nilimwona kupitia dirishani siku ya kwanza alipovaa yale mavazi ya ulinzi, alijitazama kwenye ndoo ya maji. Nikasema, bora niondoke mimi. Mimi ni kijana, nitapata kwingine."

"Ungepata wapi na barua ya utovu wa nidhamu mkononi?"

"Hilo sikulifikiria."

Nikatambua kwamba mwanamke huyu alikuwa ameshafanya uamuzi wake, kimya kimya, huku sisi tukibishana na daftari. Nikamwambia ukweli niliokuwa nao: kwamba sijui kikao kitaamua nini, lakini hakuna sheria yoyote inayosema lazima mmoja wao aondoke ili mwingine abaki.

Kikao kilichukua dakika ishirini. Tumpe alikubali kwamba alivunja utaratibu. Sababu akaieleza Ezron kwa niaba yake, kwa makini kuliko nilivyotarajia, akiita "mtu wa getini" kila alipotakiwa kutaja jina, na Tumpe akitikisa kichwa kukubali. Nikasoma maelezo ya mzee. Bwana Marcelino akauliza swali moja tu.

"Kama pale geti kubwa angekuwepo mlinzi mwingine, ungepita?"

"Hata sasa hivi, bosi."

Bwana Marcelino akalivuta faili mbele yake. Kisha akasema kwamba onyo la kwanza linabaki, kwa sababu mfanyakazi mwenye shida na utaratibu anapaswa kuileta ofisini badala ya kujitafutia njia. Onyo la pili linafutwa, kwa sababu ofisi nayo ilipaswa kuuliza vizuri. Kazi yake iko palepale. Kampuni ya ulinzi itaombwa kubadilishana walinzi: aliye geti la malori aje geti kubwa, na wa geti kubwa aende nyuma. Kreti zilipotelea kule nyuma, akaongeza, na mzee anayempisha mkamwana wake kwa uaminifu namna ile ndiye hasa anayemtaka kule.

"Na wewe Juliana, andika kipengele kwenye sera yetu. Kifupi. Mtu mwenye sababu ya kifamilia au ya mila aieleze kwa faragha, na ofisi itafute njia. Mistari mitatu, siyo tasnifu."

Tumpe hakupiga vigelegele wala kulia. Alisimama, akapiga goti kidogo mbele yangu ingawa ananizidi umri, akasema, "Ndaga fijo," asante sana, kisha akauliza kama anaweza kurudi mezani maana lori la Rungwe lilikuwa limeshafika na matunda ya kwanza hayasubiri. Nilipoufunga mlango nyuma yake, nikakaa juu ya meza. Nikampigia mama simu Kihesa. Nilitaka kumsimulia habari nzima, lakini nilipomsikia akinisalimu kwa lugha ya kwetu, "Kamwene, mwanangu, kuna nini?" nikaweza kusema tu kwamba leo kuna mtu ameulizwa, mama, na amebaki. "Basi vizuri," akasema. "Umekula?"

Jioni nilishuka kumweleza Mzee Ambokile kuhusu uhamisho. Nilikuwa na wasiwasi kwamba ataona kama ameadhibiwa. Alinisikiliza hadi mwisho, akauliza kama mshahara ni uleule, nikamwambia ni uleule. Akauliza kama mkamwana wake atapita geti kubwa kuanzia kesho, nikamwambia ndiyo.

"Sasa kule nyuma," akasema, akivuta kofia yake masikioni, "upepo wa mlimani unapiga moja kwa moja. Mimi nitakwenda hata leo. Lakini nyinyi wenye sera, mna kifungu cha koti?"

Nikarudi ofisini kuandika maombi ya koti zito la mlinzi, saizi kubwa, moja. Bwana Marcelino aliyasaini akiwa amesimama mlangoni, bila kuuliza la nani.