Mkanda wa Mkonge

Tabea alimwona mumewe uwanjani Njombe, kwenye shuka jeupe lililotandazwa ubavuni mwa gari la serikali lililoleta sinema. Yoeli alikwenda Tanga kukata mkonge kwa mkataba. Wenzake walirudi, yeye hakurudi, na mwaka wa saba ulikuwa unakwisha. Mama mkwe wake, Oktavia, alikuwa ameanza kuzungumzia matanga.

Na sasa huyo hapo, kwenye mstari wa wakataji, bega la kushoto limeinama kama kawaida yake. Akageuza uso.

"Yoeli!" Tabea alipiga kelele.

Papo hapo picha ikaanza kurukaruka, mashine ikatatarika, shuka likabaki tupu.

Aliwasukuma watu mpaka akamfikia mwendesha mashine, Manase. "Bwana, nirudishie yule mtu. Ni mume wangu."

Manase alifungua mashine, akamwonyesha kigurudumu kidogo cha chuma. "Umewahi kutazama baiskeli? Meno yanaingia kwenye mnyororo, yanauvuta. Huku ni vilevile. Ukingoni mwa mkanda kuna matundu, kila jino na tundu lake, picha inashuka moja moja. Lakini meno haya yamelika, yamepinda kama kucha za paka. Badala ya kuvuta, yanararua." Ukingo wa mkanda ulikuwa umechanika vibaya. "Nitafunga kigurudumu kipya, mkanda nitauunga. Kesho kutwa njoo Makambako, utamwona."

Oktavia hakuwa na miguu ya safari, ila alijifunga shuka lake zito wakapanda lori la mbao, baridi ikiwachapa. Njia nzima aliuliza, "Amekonda?"

"Hapana, mama. Yuko vilevile."

"Na nguo? Amevaa vizuri?"

Makambako mashine ilikwenda vizuri, bila kukwaruza. Shamba likaonekana, kisha mstari wa wakataji. Tabea akamshika mkwewe mkono. "Sasa anageuka. Tazama!"

Ghafla wakaona kiwanda, na nyuzi zimeanikwa juani. Yoeli hakuonekana mpaka mwisho.

"Umempeleka wapi?" Tabea alimwuliza Manase.

"Kuna kipande hakikubaki na tundu zima, dada. Meno yangeshika wapi? Nikakikata, nikaunga huku na huku. Sikujua kwamba ndimo alimokuwamo."

"Nipe hicho kipande."

"Nilikichoma na takataka kulekule Njombe." Alitazama chini. "Nisamehe."

Oktavia akasogea karibu. "Mwanangu, picha hii ilipigwa lini?"

"Ni ya zamani, bibi. Ina miaka sita sasa."

"Wakati ule alikuwa bado anatuma salamu," Oktavia alisema. "Wakati ule sote tulijua yuko hai."

Tabea hakuwa amewaza kuuliza hilo. Tangu Njombe alijua jambo moja tu, kwamba mumewe anatembea, anakata mkonge, anageuza uso.

Oktavia aliketi chini palepale, miguu ameinyoosha, akaanza kulia kilio cha msiba kwa Kibena, jina la mwanawe kila baada ya maneno machache. Watu waliokuwa wakiondoka walisimama, wengine wakavua kofia. Tabea alitaka kumwambia mama anyamaze, mtu hajafa. Mwishowe akavua kitambaa kichwani, akaketi kando yake, akalia naye.