Mstari Alioufuta Mwalimu Rula

Mwalimu wa hesabu, ambaye wanafunzi walimbandika jina la Rula kwa jinsi alivyonyooka mwili na maneno, alikuwa akifundisha namna mbalimbali za kuandika mlinganyo wa mstari ulionyooka. Asubuhi hiyo alitaka kuwaonyesha kwamba namna moja hukuambia upesi mteremko wa mstari, na nyingine hukurahisishia kuona unakata wapi mihimili yote miwili. Akaandika ubaoni y = −⅔x + 4. Akazidisha kila kitu kwa tatu, akahamisha x upande wa pili, akajikuta ameandika 2x + 3y = 12.

Akaacha kuandika. Mlinganyo ule alikuwa amekwisha kuuona.

Muhula uliotangulia ilikuwa imebaki nafasi moja kwenye timu ya mashindano ya hesabu, na wasichana wawili waliokuwa wakiigombea aliwapa swali moja ubaoni: watafute mlinganyo wa mstari unaopita kwenye nukta mbili. Mmoja aliandika kama alivyofundishwa, y ikiwa peke yake upande wa kushoto. Wa pili, Kidoti, aliyeitwa hivyo kwa alama nyeusi shavuni, akaandika 2x + 3y = 12. Rula hakuupima. Aliutupia jicho tu, akaufuta kwa kiganja, akasema mtu asiyejua y inakaa wapi asiwapotezee wenzake muda. Darasa likaangua kicheko. Timu ikaenda bila Kidoti, ikarudi, habari ikaishia hapo.

Sasa akageuka. Kidoti alikuwa akimtazama, kalamu ameilaza mezani. Rula akafuta ubao, akawapa mfano mwingine. Hapo ndipo alipojichukia. Mara ya kwanza alikosea. Mara hii alijua anachofanya.

Masomo yalipokwisha alikwenda kwenye chumba cha kushonea cha shangazi yake Kidoti, aliyemlea. Msichana alikuwa anakunja vitambaa. Shangazi akasimamisha cherehani, akampa kiti, akidhani ameleta mashtaka. Rula akaeleza yote, hata ile habari ya kufuta mara ya pili.

Shangazi akasema kwamba siku ile mtoto alirudi analia, naye akamwambia aachane na hesabu, aje ashike sindano, kwa sababu mwalimu ndiye anayejua. Rula akamgeukia Kidoti.

"Wewe ulijua uko sahihi?" akamuuliza.

"Nilijua, mwalimu. Nilizijaribu nukta zote mbili, zikakubali."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa umeshafuta."

Aliomba radhi. Kidoti akaitikia kwa adabu, akaendelea kukunja.

Kesho yake Rula akaandika milinganyo yote miwili ubaoni, akachora mstari mmoja, akaliambia darasa ni nani aliyekuwa sahihi na ni nani aliyemdhalilisha. Hakuna aliyecheka. Akaenda kwa mwalimu mkuu kumwombea Kidoti nafasi kwenye timu ya mwaka uliofuata, akakubaliwa. Shangazi naye akaridhia.

Kidoti alikwenda mashindanoni, na alifanya vizuri. Lakini katika darasa la Rula hakunyoosha mkono tena. Kila mwalimu alipouliza swali, macho yake yalimwendea Kidoti kwanza. Alimkuta ameinama, jibu analo daftarini, naye akalazimika kumwita mwingine.