Nafasi Kati ya Mabeki Wawili

Kila Jumanne saa tisa alasiri Coach Ambroise alisimamisha chupa tano tupu katikati ya uwanja wa Saio, zimebanana, kisha akazihamisha moja moja mpaka mbili za mwisho zikakanyaga mistari ya chokaa, moja pembeni kulia, nyingine pembeni kushoto.

"Njo hivi," aliwaambia wanafunzi. "Hamutakimbilia tena mupira sawa kuku wanakimbilia punje ya muhindi. Weye hapa, weye kule. Hata mama yako akikuita, hautoki pa chokaa."

Ambroise alifundisha hesabu katika chuo kidogo cha ualimu, na timu alipewa kwa sababu hakuna mwalimu mwingine aliyekuwa na filimbi. Msimu uliopita chuo kilifungwa mechi tisa. Mbinu aliyoileta ilikuwa rahisi. Washambuliaji watano wanatandazwa upana wote wa uwanja, na wapinzani wana mawili ya kuchagua: wawafuate huko pembeni na kuacha katikati wazi, au wabaki katikati na kuwaacha wa pembeni peke yao. Ushindi, kiungo wa timu, hakutakiwa kuangalia mpira wala goli. Alitakiwa kumwangalia mtu mmoja tu, beki wa kati.

"Akitoka, pitisha ndani. Akibaki, tupa inje," Ambroise alimwambia. "Weye haukati shauri. Yeye njo atakata, na atakosa."

Jumapili ya kwanza ya Machi walicheza na chuo cha wauguzi. Katika dakika ya kumi na nne winga Dany alisimama kwenye chokaa ya kulia, Gaspard kwenye ya kushoto, na mabeki wawili wa kati wakavutwa, mmoja huku, mmoja kule. Ardhi kati yao ikaongezeka. Iliongezeka mita kumi na moja. Ushindi akapitisha mpira hapo na goli likaingia. Mwamuzi alisimamisha mchezo ili chokaa ipigwe pale ilipopungua, kisha wakaendelea. Nyumba za upande wa kulia zilisogea bila ukuta hata mmoja kupasuka. Kulikuwa na mbuzi aliyekatikiwa na kamba, akakamatwa mtaa mwingine, Nyakasanza.

Filimbi ya mwisho ilipolia, ardhi haikurudi. Wanafunzi walipima uwanja upya kwa kipimo cha sheria, na kilichozidi kikabaki nje ya mstari: kipande cha udongo mwekundu, laini, bila jiwe wala mzizi.

Jumatatu asubuhi akapita hapo Maman Hélène, na bashi lake, turubai la plastiki, limekunjwa kichwani. Alikuwa mkulima wa Aveba. Mwaka wa tatu sasa tangu akimbie bunduki akiwa na mabinti zake wawili, na mwaka wa tatu akilala katika darasa la shule ya msingi ambalo lazima liwe tupu kabla ya kengele ya saa moja. Kitu alichokitaka duniani kilikuwa kimoja: mahali ambapo asubuhi hakuna atakayemwambia toka. Alichota udongo ule, akaunusa, akauonja kidogo kwa ncha ya ulimi, akaenda kumtafuta coach.

"Coach, ule udongo wa pembeni, mulishaupatia mutu?"

"Hapana, maman. Tuliufungua jana tu."

"Basi miye nitapanda maharagi."

"Panda, maman. Mvua iko karibu."

Timu iliendelea kushinda, na kila ushindi uliacha mita nane, mita kumi na tatu, mara moja mita mbili tu kwa sababu beki wa wapinzani alikuwa mgonjwa na hakukimbia. Familia nyingine tano zikajenga pale. Maharagi ya Hélène yakatoa maua. Mabinti zake wakaanza kuacha sahani nje zikikauka, jambo dogo kabisa, lakini mtu asiye na mahali haachi sahani nje.

Mwezi wa tano akaja Patron Claude, bwana mkubwa, viatu vyake vikiwa safi licha ya tope. Aliwasalimia wote kwa mkono, hata watoto, kisha akatoa hati ya kiwanja yenye mihuri mitatu. Ilikuwa ya mwaka 1994. Ambroise aliisoma. Alipima kile kipande kwa hatua, akapima tena kwa kamba, akitafuta kosa kwa moyo wake wote, maana kusahihisha makosa ndiyo kazi yake. Vipimo vilikuwa sahihi hadi sentimita.

"Patron, hii udongo ilizaliwa mwezi wa tatu," Hélène alisema. "Siye wote tuliona."

"Ni kweli, maman. Ilizaliwa mwezi wa tatu," Claude alijibu kwa upole. "Lakini ilikuwa yangu mbele ya kuzaliwa."

Hakuna aliyebisha. Mwenye nguvu mpishe, walisema wazee wetu, na mpaka wanakufa hawakutuambia tumpishe twende wapi. Claude, kwa wema wake, aliwaachia wakae mpaka baada ya mechi ya Jumapili.

Hélène alimkuta Ambroise akikusanya chupa zake.

"Fungua ingine, coach. Upande wa kushoto. Fungua mbele Patron hajasikia."

Wiki ile Ambroise aliongeza chupa mbili. Akawatoa mabeki wake wote wa pembeni na kuwatuma mbele, kwenye chokaa, mpaka nyuma akabaki kipa na beki mmoja.

"Coach, hivi watatufunga," Ushindi alisema.

"Watufunge," alisema Ambroise. Alikuwa na hasira, na ilikuwa mara ya kwanza wachezaji kumwona hivyo.

Jumapili Hélène alikaa kwenye mstari wa kushoto tangu saa sita, jembe mkononi na bashi mgongoni. Dakika ya thelathini na moja, watu saba wa Ambroise walitandazwa kutoka chokaa hadi chokaa. Beki wa kati wa wapinzani akasita, akatazama huku, akatazama kule, akatoka. Ardhi ikafunguka mita thelathini. Vumbi halijatua, Hélène alikwisha kuingia. Mwamuzi alimwacha apite kwa kuwa mpira ulikuwa upande mwingine. Aliinua jembe, akapiga mara moja kwenye kona ya ule udongo mpya.

Jembe lilipiga saruji. Ilikuwa borne, nguzo fupi ya mpaka. Zilikuwapo nne, moja kila kona, zimepanda pamoja na udongo. Zilikuwa za zamani, zimeota kuvu la kijani, na kila moja ilikuwa na jina la Claude limechorwa wakati saruji ikiwa mbichi. Juu ya moja alikaa mjusi, amezoea.

Timu ilishinda nne bila. Wanafunzi walimbeba coach mabegani, na yeye, juu huko, aliziona nguzo zote nne vizuri kuliko mtu yeyote. Alilia. Walidhani ni furaha, wakaimba zaidi.

Claude alikuja siku ya pili na hakuwa na kinyongo. Alieleza kwamba kiwanja kitupu huvamiwa, na anahitaji mtu wa kukikalia mpaka atakapojenga. Hélène angeweza kubaki na bashi lake, hata kula maharagi yake, akiwa mlinzi. Hélène aliwatazama mabinti zake, akashukuru: merci. Zile familia tano ziliondoka Jumatano. Claude akafanywa rais wa heshima wa timu.

Ambroise aliomba kuacha ukocha. Mkurugenzi wa chuo alimkumbusha kwamba hakuna mwingine mwenye filimbi. Basi kila Jumapili ardhi ilifunguka, kila mara na nguzo zake, na kila Jumatatu Hélène alihamisha bashi kwenye kipande kipya kabisa, kwa kuwa kipya ndicho kinachohitaji macho.

Mwezi wa tisa mama mmoja aliingia pale na godoro kichwani na mtoto mgongoni. Alitua godoro, akaanza kufungua kamba. Hélène alisimama. Alimtambua: Bernadette, waliyechota naye maji chemchemi moja kule Aveba. Walishikana mikono kwa muda mrefu.

"Funga godoro yako, ndugu yangu," Hélène alisema. "Hapa iko ya Patron Claude."

"Tangu lini?"

"Tangu zamani."

Bernadette alizitazama nguzo na kuvu lake. Alikaza kamba ya godoro, akauliza tu mechi inayofuata ni lini.

"Dimanche, Jumapili hii," Hélène alisema, akamsaidia kujitwika.