Jibu Lilikuwa Mezani

Mimi nina wivu, na nalisema mapema nisionekane najificha. Kwa miaka kumi na mmoja nimekuwa nahodha wa timu yetu ya chemshabongo hapa Baku. Nahodha ndiye mshika kalamu: watu sita wanabishana dakika nzima, lakini kinachoandikwa ni kile anachokitaka yeye. Miaka yote hiyo mke wangu Solmaz ameketi kuliani kwangu. Kila nilipong'amua swali gumu alinitazama kwa namna yake, macho yamekunjika pembeni, nami nilikuwa naishi kwa mtazamo huo.

Kisha akaja binti mmoja, Aytaj. Ana miaka ishirini na minne, kazi yake kusafisha meno ya watu kwenye zahanati, na anajibu kabla sijamaliza kufikiri. Tena ana heshima, jambo linaloniudhi zaidi. Ataomba radhi kwanza, ataniita mwalimu, ndipo aseme anadhani ni kinyume chake. Na kweli huwa ni kinyume chake. Solmaz akaanza kumkaribisha nyumbani na kumfungulia jamu ya cheri nyeupe, ambayo mimi naionja wakija wageni tu.

Jumamosi, siku moja kabla ya fainali, Solmaz alikuwa jikoni anakunja chapati za kujazwa mboga za majani. Bila kugeuka akaniambia msimu ujao kalamu ashike Aytaj. Wenzetu watatu walikuwa wamekubali, wangeniambia rasmi mchezo ukiisha. Si kwa ubaya, alisema, ila nimechoka. Mimi nilikuwa sijui kama nimechoka. Nilikula chapati zangu, na roho iliniuma hadi asubuhi.

Fainali ilichezwa Jumapili mchana katika ukumbi wa chuo. Hadi swali la mwisho tulikuwa sawa na timu ya madaktari, ambao walikuwa wameshalikosa la kwao. Tukilipata letu, kombe ni letu. Msomaji akalisoma mara mbili: mwaka mmoja wa vita, bidhaa fulani ilikosekana madukani katika mji wa Sheki. Bibi mmoja anakumbuka kwamba hadi ilipopatikana tena, majibu ilibidi yatolewe kwa mdomo, maana ndiyo na hapana zilikuwa zinafanana. Bidhaa gani?

Nimefundisha shule miaka thelathini, kwa hiyo niliona jibu pale pale. Wino mwekundu. Ukikosekana, mwanafunzi hajui wapi amepata na wapi amekosa, mpaka mwalimu amwambie. Nilieleza, wale watatu wakaitikia kwa vichwa, nikaliandika. Kisha nikamgeukia Solmaz kutafuta mtazamo wangu. Alikuwa anamtazama Aytaj.

"Wewe unaonaje, mdogo wangu?" akamuuliza.

"Sukari," alisema Aytaj. "Msiniulize kwa nini, dada Solmaz, bado sijaweza kuieleza. Lakini ni sukari."

Sukari na majibu wapi na wapi? Zilibaki sekunde kumi. Nitasema lililonipitia moyoni, ingawa halinipi sifa. Nikiandika wino tutashinda, na bado kesho Solmaz atamfungulia huyu jamu. Nikiandika sukari tutashindwa, na kila mtu atakumbuka nani alitukosesha kombe. Sisi wachezaji tuna neno la kujifariji tukishindwa: jibu lilikuwa mezani, yaani mmoja wetu alilitaja, likaachwa. Nililiona tayari likitoka kinywani mwangu, kwa upole, mbele ya mke wangu. Nilitaka binti aanguke, hata kama kombe lingeanguka naye.

Nikakata wino mwekundu, nikaandika sukari. Wakati nanyoosha karatasi juu, nilimwinamia Aytaj sikioni.

"Jibu ni lako," nikamwambia. "Likitupoteza, utalibeba mwenyewe."

Mama anayekusanya karatasi akapita akaichukua.

Msomaji akakohoa, akasema jibu ni sukari. Katika mji ule, alieleza, wapeleka posa walikuwa wanajibiwa kwa chai, kama ilivyo kwetu sote. Chai tamu, binti mmepewa. Chai isiyo na sukari, rudini kwenu. Mwaka ule chai zote zilikuwa chungu. Ukumbi mzima ulicheka na kujipiga mapaja, maana nani pale hakuwahi kuketi kwa wakwe akiionja chai kwa ncha ya ulimi?

Solmaz alinishika mkono. Macho yalikuwa yamekunjika pembeni, na yalikuwa na machozi.

"Vagif," akasema, "uliikumbuka chai yetu?"

Mama yake alitia vijiko vinne siku ya posa yetu, mpaka mjomba wangu akapaliwa. Sikuwa nimekumbuka hata kijiko kimoja. Mimi nilikuwa nawaza madaftari.

"Ningeisahauje?" nikasema.

Basi akawageukia wenzetu, akasema kalamu ibaki nilipo, mtu wa kufuta jibu lake mwenyewe kwa ajili ya mwingine haachwi. Wale watatu wakakubali haraka, nadhani kwa aibu. Mmoja akamuuliza Aytaj nilimnong'oneza nini pale nilipotoa karatasi.

Aytaj alinitazama kidogo tu.

"Aliniambia jibu ni langu," akasema.

Wakanipigia makofi. Solmaz akaniegemea begani na kusema hajawahi kunipenda kama leo. Aytaj naye alikuwa anapiga makofi pamoja nao, bila kejeli yoyote. Hakuwa amesema uongo hata neno moja. Alikuwa amenipa kalamu, mke na heshima yangu kwa sentensi moja, mimi ambaye nisingempa hata kijiko cha jamu. Nilitabasamu, nikalinyanyua kombe, na wivu ukanikaba upya.