Tambi za Fusae

Fusae alikuwa amelima viazi vya konyaku kwenye miteremko ya mkoa wa Gunma tangu aolewe, na bondeni kote hakuna aliyemshinda kuvigeuza tambi. Alivichemsha, akavisaga, akakoroga uji wake na maji ya chokaa mpaka ukashika, kisha akaukamulia kwenye maji ya moto kupitia bati lenye matundu. Zilitoka nyuzi nyeupe, laini, zinazoteleza. Kwa hiyo daktari alipomwambia mumewe Eikichi kwamba sukari yake imepanda, apunguze wali na tambi za ngano, Fusae hakusikia neno "apunguze". Alisikia kazi anayoiweza.

Tangu siku ile wali na tambi za ngano havikukanyaga nyumbani. Asubuhi tambi za konyaku kwenye mchuzi, mchana tambi za konyaku na kitunguu, jioni tambi za konyaku na uyoga.

"Mama, leo tena unanilisha kamba za viatu?" Eikichi alimtania.

"Kula, mzee. Tumbo linajaa, sukari haipandi. Unataka nini zaidi?"

Akala, akamaliza bakuli.

Sukari ikashuka kweli. Fusae aliibandika karatasi ya vipimo kwenye friji na kumwonyesha kila mgeni. Mkanda ulipoishiwa matundu, Eikichi alitoboa mengine kwa msumari. Theluji ilipofunga barabara waliacha kwenda kliniki. Wakaone nini huko, na mambo ni mazuri?

Mwaka mpya binti yao Sayoko alikuja kutoka Takasaki. Alipomwona baba yake akitoka kuoga, alimvuta mama yake jikoni.

"Mama, baba amekwisha."

"Amepungua. Ndiyo dawa yenyewe."

"Mbavu zinahesabika! Mpe hata yai basi."

"Wewe unayekula vya kopo ndiye wa kunifundisha kulisha mume?"

Sayoko akatoka jikoni.

Mwezi wa pili Eikichi aliinua gunia la mbegu ghalani, gunia ambalo miaka yote alilibeba kwa bega moja. Miguu ilikataa. Akaanguka, nyonga ikavunjika.

Hospitalini alikuja mtaalamu wa lishe, binti mdogo aitwaye Yokoo, na daftari lake.

"Mama, mzee alikuwa anakula nini?"

Fusae alimweleza kwa fahari, hata namna ya kupima chokaa.

"Tambi hizo karibu zote ni maji," Yokoo alisema taratibu. "Kinachobaki ni nyuzinyuzi ambazo mwili hauzisagi. Kwa mwenye sukari zinafaa, lakini hazijengi nyama wala hazitoi nguvu. Pembeni alikula nini? Samaki? Tofu?"

"Uyoga," alisema Fusae.

Yokoo akaacha kuandika.

Jioni ile Fusae aliushika mkono wa mumewe, ngozi na mfupa.

"Kwa nini hukuniambia una njaa?"

"Sikuwa na njaa. Tumbo lilikuwa limejaa kila siku. Nilikuwa nachoka tu." Eikichi alipumua kidogo. "Na wewe ulikuwa unafurahi mno, mama."

Walimpa maziwa, mayai, uji mzito. Mwili haukuwa na pa kuanzia. Kichomi kilimwingia, na mwezi wa tatu alifariki. Kwenye mazishi Sayoko hakumlaumu mama yake kwa neno hata moja. Fusae aliona heri angelaumiwa.

Siku arobaini na tisa za maombolezo zilipotimia, jirani yake Kiyo alibisha hodi. Mumewe naye alikuwa amepatikana na sukari.

"Dada, nifundishe zile tambi zako."

Fusae alimkaribisha chai, akamsimulia yote: uyoga, gunia, na alivyomfokea Sayoko jikoni. Hakujipunguzia lawama hata kidogo.

"Lakini ulifanya kwa mapenzi, dada," Kiyo alisema, macho chini.

"Ndiyo. Na nilimdhoofisha hivyo hivyo kwa mapenzi. Mumeo mpe na samaki, mpe mayai. Na mpime uzito."

Kiyo aliondoka bila kumaliza chai. Kufikia Jumapili bonde zima lilikuwa na habari, na wengine wakaanza kupita mbali na mlango wa Fusae. Aliyemuuliza, Fusae alimjibu. Aliyepita mbali alimwacha apite.